Eliya Alilala Kwanza

Asubuhi moja, saa moja na nusu hivi, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku aliketi kwenye benchi nje ya ofisi yangu, akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba hadi alama za soksi zimezama kwenye ngozi. Nilipomsalimu hakuitikia. Alisema tu, "Mchungaji, hata kusali nashindwa. Nikifumba macho naona vitanda." Alikuwa na wiki tatu bila siku ya kupumzika, ana watoto wawili na mama mgonjwa nyumbani. Na Ijumaa ile ile kikundi chake cha maombi kilikuwa kimempangia mkesha ili apate nguvu mpya.

Wanampenda, sina shaka. Lakini baada ya miaka 11 ya uchungaji wa hospitali, nasema bila kuzungukazunguka: mtu asiyepumzika wiki tatu usimpe mkesha. Ukimpa, umemwongezea zamu nyingine na kuiita ya Mungu.

Nilimwagizia chai na chapati, kisha nikamsomea 1 Wafalme 19. Sura hii ndiyo naitumia kuliko zote ninapokaa na watu waliochoka. Nabii Eliya ametoka mlima Karmeli, amepambana na manabii 450 wa Baali, mungu wa kipagani, moto umeshuka, mvua imenyesha, na yeye amekimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka mji wa Yezreeli. Ushindi mkubwa kuliko huo katika huduma yake hakuna. Kisha Yezebeli, mke wa Ahabu, anatuma ujumbe kwamba atamuua, na Eliya anakimbia mpaka Beer-sheba, zaidi ya kilomita 100 kusini. Anamwacha mtumishi wake hapo, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti wa mretemu na kusema, "Yatosha." Anaomba kufa.

Tazama Mungu anavyomjibu. Hamkemei wala hamkumbushi moto wa Karmeli. Hamwambii aongeze imani. Eliya analala. Malaika anamgusa: "Inuka, ule." Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, na sentensi inayofuata naipenda mno: anajilaza tena. Hakuna anayemwita mvivu. Malaika anarudi mara ya pili, bado na chakula, na sababu anayoitoa ni ya huruma tupu: "maana safari hii ni kubwa mno kwako."

Mazungumzo yanakuja baadaye, kwenye mlima Horebu, baada ya safari ya siku 40. Hapo ndipo Mungu anauliza, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Hapo ndipo sauti ndogo ya utulivu inasikika. Ningekuwa na ruhusa ya kuandika jambo moja kwenye mlango wa kila chumba cha maombi, ningeandika mpangilio huu: usingizi, chakula, usingizi, chakula, ndipo swali. Na jibu la swali lenyewe linabeba nafuu nyingine. Eliya alidhani amesalia peke yake. Anaambiwa kuna watu 7,000 wasiompigia Baali goti, na anapewa Elisha wa kushika kazi baada yake. Uchovu wake ulikuwa wa mwili, na pia ulikuwa wa kudhani kila kitu kinamning'inia yeye.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna msaada ndani ya lugha yetu. Mwanzo 1 inasema, "Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja." Jioni kwanza. Wazee wa pwani nao huanza siku jua linapotua, ndiyo maana hadi leo tunasema "usiku wa kuamkia Jumatatu", na saa ya kwanza ya usiku tunaiita saa moja. Kwa hesabu hiyo, tendo la kwanza la siku ni kulala. Unapoamka, Mungu ameshafanya kazi saa nyingi bila wewe, nawe unajiunga na kazi iliyokwisha kuanza. Nilipolielewa hili niliacha kuuona usingizi kama ujira wa aliyemaliza kazi. Mara ngapi kazi inaisha?

Watu wengi wakisikia pumziko wanakumbuka Mathayo 11:28, "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Wengi huishia hapo. Mstari wa pili unasema, "Jitieni nira yangu", na hapo wanashangaa: aliyelemewa anapewaje nira?

Mimi nimekulia Usukumani, kwa baba aliyelima kwa maksai, kwa hiyo neno hili halinisumbui. Nakumbuka mwaka mmoja tulipewa nira ya kuazima. Mti wake ulikuwa umechongwa vibaya upande wa kushoto. Siku ya tatu dume letu lilikuwa na kidonda shingoni, na baba akasimamisha kazi mchana, mvua zikiwa zimeshaanza. Alikaa chini ya mwembe na tezo, akaichonga taratibu, akawa anaipeleka kwenye shingo ya yule ng'ombe, anaitoa, anachonga tena, mpaka alipoweza kupitisha kiganja chake kati ya mti na ngozi bila kukwama. Tulirudi kulima baada ya kidonda kukauka. Shamba lilikuwa lile lile na plau lile lile.

Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "laini" katika "nira yangu ni laini" linabeba maana ya kitu chema, kinachofaa. Kazi ya Kristo ipo, lakini imepimwa kwa shingo yako. Kwa hiyo mtu akiniambia huduma inamchubua, namuuliza kwanza: nira hiyo nani alikuvisha? Mara nyingi inakuwa ya kuazima. Ni ya matarajio ya ndugu, au ya kwaya iliyozoea kuwa hakatai.

Kuhusu Sabato nitasema moja tu. Kumbukumbu la Torati 5 inaagiza mapumziko ya mtumwa, ng'ombe na punda pia, kwa sababu Israeli walikuwa watumwa Misri. Jumapili yako ikiwa tamu huku dada wa kazi anafua tangu alfajiri, rudi ukaisome amri hiyo upya.

Na tafadhali, pimeni afya. Uchovu usioisha unaweza kuwa upungufu wa damu, kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo au sonona. Kwenda maabara si upungufu wa imani. Mkate wa Eliya nao ulipitia tumboni. Ukishindwa kabisa kusali, Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kaa kimya. Sala inaendelea.

Yule muuguzi hakwenda mkesha. Alipima, damu ikaonekana imeshuka, akaanzishiwa dawa. Dada yake alikuja kukaa na mama yao siku nne za wiki, na wanakwaya wenzake wamempumzisha mpaka Pasaka. Sasa Jumapili anakaa benchi la nyuma, karibu na dirisha. Wiki iliyopita alisinzia katikati ya ibada, kichwa kimeegemea ukuta, mikono imefunguka mapajani. Mzee wa kanisa akainuka amguse bega. Nikamwashiria amwache.