Je, wajua kwa nini dawa za TB zinamezwa miezi 6 wakati kikohozi kinakata mapema?

Mjomba wangu wa Pasua, hapa Moshi, alipougua TB, ilivyofika mwezi wa pili kikohozi kimekata, anakula vizuri, mwili umerudi, akaniuliza sasa hawa wa kliniki mbona bado wananimezesha vidonge? Nikamjibu ni tahadhari tu ya madaktari, muda uliobaki ni wa ziada. Nilikosea, tena vibaya, maana jibu kama lile ndio linamfanya mtu aache dozi njiani, ugonjwa urudi, pengine urudi na usugu.

Miezi 6 haikukisiwa. Zamani matibabu yalichukua mwaka na nusu mpaka miwili, ila miaka ya 1970 watafiti wa Uingereza pamoja na wa Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, wakaongeza rifampisini kwenye dozi wakaona miezi 6 inatosha. Yaani huu muda tunaouona mrefu ni muda uliofupishwa, na umefupishwa huku kwetu.

Sasa shida iko kwa bakteria mwenyewe. E. coli wa tumboni akipata chakula anajigawa kila dakika 20 hivi, huyu wa TB anachukua kama saa 20. Na dawa nyingi zinampata bakteria akiwa kazini, anajenga ukuta wake, anajigawa, aliyetulia tuli inakuwa ngumu kumuua.

Aliyewahi kulima anaijua ndago. Unapalilia asubuhi shamba linabaki safi kabisa, jirani akipita anakusifu, lakini vile vijiazi vya chini ya udongo viko palepale, wiki mbili tu vimechipua. Miezi 2 ya mwanzo, dawa aina 4, ni lile jembe la kwanza: wanaozaliana wanafyekwa, kikohozi kinakata. Miezi 4 ya mwisho, aina 2, ni kurudi shambani kila siku, kila kinachoamka kikatwe. Mfano huu una mipaka yake, wanasayansi bado wanabishana kama hao waliolala ni kundi moja au makundi kadhaa.

Ila kuna ushahidi naupenda sana. TB Alliance, shirika la kimataifa la kutafuta dawa mpya za TB, na wenzake walijaribu dozi ya miezi 4 iliyochanganywa na dawa nyingine, moksifloksasini, wagonjwa 1,931, Tanzania ikiwemo. Majibu yalitoka 2014: makohozi yalisafika haraka kuliko kwa dozi ya kawaida, lakini waliorudiwa na ugonjwa wakawa wengi zaidi. Shamba safi, vijiazi chini! Mwaka 2021 mchanganyiko mwingine, wenye rifapentini na moksifloksasini, ndio ukaweza miezi 4.

Nilimrudia mjomba nikamweleza habari ya ndago. Yeye ni mkulima, hakuhitaji maelezo mengi, akauliza tu zimebaki wiki ngapi.