"U" ya seva ya raki ni nini, na inahusiana vipi na kelele

Kwenye tangazo la seva iliyotumika, pembeni ya jina la mashine huwa kuna namba na herufi: 1U, 2U, 4U. Wanunuzi wengi hukimbilia RAM na diski, hiyo wakaipita. Kama seva unaipeleka nyumbani, anza kusoma hapo, kwa sababu hapo ndipo pameandikwa kelele utakayolala nayo.

U ni kipimo cha kimo. U moja ni inchi 1.75, yaani milimita 44.45. Raki yenyewe, yaani fremu ya chuma ya kupangia seva, ina upana wa inchi 19, na kila kinachoingia humo hupimwa kimo chake kwa U, ili vifaa vya kampuni mbalimbali vipangwe juu ya vingine bila kugombana. Seva ya 1U ni nyembamba kama sanduku la piza. Ya 2U ina milimita 88.9, na ya 4U inakaribia sentimita 18. U haisemi lolote kuhusu nguvu za kompyuta. Inachoamua ni ukubwa wa feni.

Feni haiwezi kuzidi kimo cha sanduku lake. Kwenye 1U inaenea ya milimita 40 tu, kwenye 2U ya 60 au 80, na kwenye 4U unaweza kufunga ya 120. Linganisha ya 40 na ya 120: eneo la ile ndogo ni sehemu moja ya tisa ya ile kubwa.

Tazama pangaboi la sebuleni. Mapanga yake yanazidi mita moja kutoka ncha hadi ncha, yanazunguka taratibu, na chumba kizima kinapata upepo huku watu wakizungumza chini yake bila kupaza sauti. Sasa chukua feni ya sentimita 4, uipe kazi ya kusukuma hewa ipite katikati ya mapezi ya hitisinki (kipande cha chuma kinachofyonza joto la prosesa) yaliyobanana kama meno ya chanuo, iondoe joto la prosesa mbili. Kwa udogo wake haina njia ila kasi. Itazunguka mara 10,000 kwa dakika na zaidi, wakati ya milimita 120 kwenye kompyuta ya mezani mara nyingi hutosheka na 1,000. Kinachotoka hapo ni mluzi, na mluzi huchosha sikio upesi kuliko mvumo. Waliobuni seva hawakukosea. Kwenye kituo cha data kila U ina bei yake na hakuna anayelala humo, kwa hiyo wembamba ni fedha.

Kanuni za feni ndizo zinazotupa nafuu. Ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini umeme inaokula unashuka hadi sehemu moja ya nane, na sauti inapungua kwa takriban desibeli 15. Kwa sikio la binadamu, hiyo ni kama kubakiwa na theluthi ya kelele. Ndiyo maana mimi humwambia kila anayeniuliza: kabla ya kununua feni mpya, tafuta namna ya kuzipunguza kasi zilizomo.

Kasi hiyo haipangwi na Windows wala Linux. Inapangwa na kompyuta ndogo iliyo ndani ya seva, iitwayo BMC. Dell huiita iDRAC, HP huiita iLO. Chukua mfano wa Dell PowerEdge R720, mashine ya 2U yenye feni sita. Kwa programu ya ipmitool unatuma amri mbili. Ya kwanza inaondoa udhibiti wa kiotomatiki, ya pili inaweka feni zote kwenye asilimia 20:

ipmitool raw 0x30 0x30 0x01 0x00
ipmitool raw 0x30 0x30 0x02 0xff 0x14

Hiyo 0x14 mwishoni ndiyo 20, ikiandikwa kwa namba za msingi wa 16. Kwenye mashine za Dell za kizazi cha 14, iDRAC 9 yenye programu mpya imeifunga njia hii, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Ila feni ukishaishika kwa mkono, wewe ndiye mlinzi wa joto. Nyuzi 18 hadi 27 ndizo zinazopendekezwa kwa vyumba vya seva; sebule ya Dar es Salaam mwezi Februari, bila kiyoyozi, hupita 30 mchana. Asilimia 20 inayotosha usiku inaweza isitoshe saa nane mchana. Andika skripti fupi, yaani programu ndogo ya amri, isome joto la prosesa kila baada ya sekunde 30, na likipita kiwango ulichoweka irudishe udhibiti kwa BMC kwa amri ya 0x30 0x30 0x01 0x01. Usiiache seva hata siku moja bila ulinzi huo.

Na joto lenyewe lipunguze. Kwenye R720, prosesa ya E5-2690 imepimiwa wati 135, E5-2650L wati 70. Diski usizozitumia zitoe. Prosesa ya pili unaweza kuitoa kabisa, ukijua kwamba nafasi za RAM na kadi zinazoitegemea zitalala nayo. Seva inayokula wati 150 mfululizo inamaliza uniti 3.6 kwa siku, kama 108 kwa mwezi, na zote zinaishia kuwa joto chumbani.

Wengine hufungua mfuniko wakidhani wanaipa hewa. Hewa ikipata pa kutokea juu, haipiti tena kwenye mapezi, na prosesa inazidi kuchemka. Wengine huifungia kabatini, ikawa inavuta hewa ileile ya moto iliyoitoa. Na wanaobadilisha feni za 1U kwa zile tulivu za mizunguko 5,000 hukuta BMC inadhani feni imekufa, inazipandisha nyingine hadi mwisho. Lazima kwanza ushushe kiwango cha chini cha kasi ambacho BMC hukitolea tahadhari, na si kila seva inakuruhusu.

Kuna jambo moja la huku kwetu. Umeme ukikatika na kurudi saa tisa usiku, seva ikiwaka feni hukimbia kwa nguvu zote, na iDRAC inakuwa imesahau amri zako. Iweke ile skripti ijianzishe yenyewe mfumo unapowaka. Dakika chache za mluzi zitakuwepo tu, kisha utazisikia feni zikishuka, hatua kwa hatua, mpaka usikie tena matone ya bomba nje.