Tiba ya uzingativu kwa anayeishi na kifafa: maswali na majibu

Uzingativu ni nini?

Ni kuielekeza akili kwa makusudi kwenye kinachotokea sasa, iwe ni pumzi, nyayo zinavyogusa sakafu au wazo linalopita, bila kukimbilia kulihukumu. Mazoezi haya yana asili katika tafakuri ya Kibudha. Yaliingia katika matibabu hasa kuanzia mwaka 1979, mtafiti Jon Kabat-Zinn alipoanzisha programu ya wiki 8 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Hayamtaki mtu abadili dini yake.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Kwa nini tushughulikie mawazo?

Kwa sababu mshtuko wa kifafa huweza kudumu dakika moja au mbili tu, lakini hofu ya mshtuko ujao hukaa na mgonjwa mchana na usiku. Anayeogopa kuanguka mbele za watu huanza kukwepa safari, kazi na marafiki, na upweke huo humzidishia huzuni. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na wasiwasi huwapata watu wenye kifafa zaidi kuliko watu wengine, na mara nyingi havitambuliwi kwa kuwa katika kliniki mazungumzo huishia kwenye idadi ya mishtuko na kiasi cha dawa. Kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa, kwani mgonjwa aliyekata tamaa hupata shida hata kumeza dawa zake kwa wakati. Aidha, wagonjwa wengi husema kwamba msongo wa mawazo na kukosa usingizi huwaletea mshtuko. Uzingativu humfundisha mtu kulitambua wazo kama «leo nitaanguka» kuwa ni wazo tu, si habari ya jambo lililokwisha kutokea, na hivyo kulipunguzia nguvu kabla halijamfungia ndani.

Je, mishtuko yenyewe hupungua?

Hapa ni lazima tuwe waangalifu. Utafiti uliofanyika Hong Kong na kuchapishwa mwaka 2015 uliwahusisha watu 60 ambao kifafa chao hakikudhibitiwa na dawa. Waliopewa tiba ya uzingativu walipungukiwa na sonona, wasiwasi na mishtuko kuliko wale waliokutana kwa ajili ya kupeana moyo tu. Matokeo hayo yanatia matumaini, lakini watu 60 ni wachache, kwa hiyo faida ya kutarajia kwanza ni nafuu ya moyo na ya maisha ya kila siku.

Nikianza mazoezi, naweza kuacha dawa?

Hapana. Kuacha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta mishtuko mfululizo isiyokatika, na hali hiyo huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila mshtuko wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Uzingativu huandamana na matibabu hayo.

Kuna tahadhari gani?

Iliyo muhimu zaidi inahusu pumzi. Kuhema kwa nguvu na kwa haraka kunaweza kuchochea mshtuko, hasa kwa wenye kifafa cha kuduwaa kwa sekunde chache, na ndiyo maana wahudumu humwomba mgonjwa aheme hivyo wanapopima umeme wa ubongo. Basi pumzi iachwe iende yenyewe, nawe uifuatilie tu. Mafunzo yoyote yanayodai uheme kwa kasi au uzuie pumzi yasikuhusu. Fanya mazoezi ukiwa umeketi au umelala mahali salama, mbali na maji na moto, na usikeshe kwa ajili yake. Kwa baadhi ya watu, hasa waliopitia ukatili au maafa, kutulia kimya huamsha kumbukumbu zinazotisha. Ikiwa hivyo, fumbua macho, acha zoezi na umweleze mtaalamu anayekuongoza. Anayepatwa na mawazo ya kujiua asingoje kipindi kijacho, bali apelekwe hospitali siku hiyohiyo.