Kuchonga mlango wa eksozi kwenye 125 ya tustroki ya zamani

Mtu akipata pikipiki ya motokrosi ya miaka ya 1970, iwe Honda CR125M, Yamaha YZ125 au Suzuki RM125, haraka yake ya kwanza huwa kuuchonga mlango wa eksozi, yaani tundu la ubavuni mwa silinda linalotolea moshi, uwe mkubwa zaidi. Nguvu inaongezeka kweli. Lakini chuma kikishatoka hakirudi, na silinda ya injini hizi si kitu cha kuulizia dukani Kariakoo ukaipata. Ndiyo maana nasisitiza: pima kila kitu kwa digrii na milimita kabla grainda haijawashwa.

Anza na hewa. Oili sili za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) zilizozeeka hukakamaa. Ya upande wa magneto, kinachozalisha umeme wa plagi, ikianza kuvuta hewa, mchanganyiko unapungua petroli, pistoni inapata moto na injini inanoki (inakwama), halafu lawama zote zinamwangukia aliyechonga. Ziba mlango wa eksozi na wa kabureta kwa vipande vya tyubu vilivyobanwa na bati. Shusha pistoni chini kabisa, unganisha pampu ya kupimia presha ya damu kwenye tundu la plagi, jaza hewa mpaka mshale ufike 300 (milimita za zebaki). Hiyo ni kama baa 0.4. Mshale ukishuka zaidi ya 50 kwa dakika, paka povu la sabuni utafute panapovuja. Usiendelee kabla hujapaziba.

Sasa funga duara la digrii, yaani sahani yenye alama za digrii 360, kwenye krenki. Kituo cha juu cha pistoni hakitafutwi kwa macho. Weka kizuizi kwenye tundu la plagi, zungusha mpaka pistoni iguse, soma namba. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, soma. Katikati ya namba hizo mbili ndipo kilipo.

Injini hizi, kwa matoleo ya mwanzo, zina kipenyo cha milimita 56 na mwendo wa pistoni wa milimita 50, yaani sisi 123. Tuseme umepima ukakuta eksozi inakaa wazi digrii 180 za mzunguko wa krenki, na milango ya pembeni, inayoingiza mchanganyiko mpya juu ya pistoni, digrii 126. Kwa motokrosi mimi naishia 188. Konrodi ikiwa ya milimita 100, ukingo wa juu wa mlango uko milimita 28.2 chini ya kituo cha juu, na unatakiwa uwe 26.4. Tofauti ni milimita 1.8 tu! Mkono ukiteleza ukachonga 3.5, umefika digrii 196, na pikipiki hiyo kwenye mchanga wa Kigamboni haitatoka mpaka uiunguze klachi.

Kuna jaribio lisiloharibu kitu, nalipenda sana. Kata gasketi ya alumini ya milimita 0.5 uiongeze chini ya silinda. Eksozi inapata kama digrii 2, milango ya pembeni kama 3. Endesha, sikiliza nguvu imehamia wapi. Nafasi ya juu ya pistoni nayo imeongezeka kwa 0.5, kwa hiyo mgandamizo umepungua. Usihukumu kwa nguvu ya chini. Kwenye CR125M, ambayo pistoni yenyewe ndiyo inayofungua njia ya kabureta, ujue pia kwamba muda wa kuvuta umepungua.

Ukiridhika, rudisha gasketi ya zamani na uchonge. Paka wino ndani ya slivu (ukuta wa ndani wa silinda), chora mstari kwa ncha kali, tumia biti ya kabaidi ukitokea upande wa bomba, na malizia kwa faili. Acha ukingo wa juu uwe na upinde kidogo. Upana usizidi milimita 36, kwa kuwa mlango mpana usio na nguzo katikati unaachia ringi ichomoze na kunasa. Kisha vunja makali ya kingo zote kwa milimita 0.5 hivi na uyalainishe kwa msasa wa maji. Hapa ndipo wengi wanapofanya haraka, na ringi zinavunjika. Milango ya pembeni iache na pembe zake. Ondoa tu mabaki ya chuma yaliyoachwa na kalibu kiwandani.

Mlango ukipanda, mgandamizo halisi unapungua, maana pistoni inafunga eksozi ikiwa imebakiza safari fupi zaidi. Kama chumba cha juu kilikuwa sisi 11.2, uwiano baada ya eksozi kufunga ulikuwa 7.2, sasa ni 6.8. Kuurudisha, chumba kiwe sisi 10.5. Pima kwa sindano ya duka la dawa: pistoni juu kabisa, grisi kuizunguka, oili nyepesi mpaka mwanzo wa nyuzi za plagi. Mafundi wa kukereza Gerezani watakukatia hedi (kifuniko cha juu cha silinda), ila wape kipimo kilichoandikwa. Kabla ya kuwasha, weka vipande viwili vya risasi ya kulehemu waya juu ya pini ya pistoni, kushoto na kulia, zungusha, pima vilivyobanwa. Nataka milimita 1.0. Chini ya 0.8 pistoni inaweza kugonga hedi kwenye mzunguko wa juu.

Bomba lile lile la eksozi lililokuwa na kilele cha nguvu kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika sasa litakipandisha mpaka karibu 10,400. Kwa mchanga hiyo ni juu mno. Meno mawili zaidi kwenye sproketi ya nyuma yanasaidia.

Jeti kuu ya kabureta, inayopimia petroli, anza na kubwa, ushuke hatua moja moja ukisoma rangi ya plagi. Petroli lita 5, oili mililita 156, ndiyo 1:32. Na pikipiki iliyosetiwa Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, isiwashwe Dar na jeti ile ile. Huku hewa ni nzito zaidi, na jeti inatakiwa kuongezwa kwa asilimia 5 hivi. Ukiiacha ilivyo, ukinyoosha mara moja tu huku umefungua mafuta yote, pistoni itayeyuka upande wa eksozi.