CSS haijapotea: dhana potofu kuhusu faili tuli za Django kwenye seva

Umepandisha mradi wako wa Django, mfumo wa Python wa kutengeneza tovuti, kwenye seva, umefungua anwani, na ukurasa umetoka kama nyumba isiyopigwa lipu. Maandishi meusi juu ya weupe, viungo vya bluu vimejipanga wima, na penye nembo kuna kialama cha picha iliyovunjika. Data ipo, fomu zinapokea, ila sura, kazi ya CSS, hakuna. Karibu kila ninayekaa naye kutatua jambo hili huja na maelezo yake tayari, na mara nyingi maelezo hayo ndiyo yanayomchelewesha.

"Kwenye kompyuta yangu inafanya kazi, kwa hiyo seva ndiyo mbovu."

Kwenye kompyuta yako ulikuwa unabebwa bila kujua. Ukiendesha `runserver`, seva ndogo ya majaribio ya Django, huku `DEBUG` (hali ya kusaka makosa) ikiwa `True`, Django yenyewe hupita kwenye folda ya `static` ya kila apu na kwenye folda ulizozitaja katika `STATICFILES_DIRS`, ikaokota faili tuli, yaani CSS, JavaScript, picha na fonti, ikakigawia kivinjari. `DEBUG` ikiwa `False`, huduma hiyo inakatwa kwa makusudi, kwa sababu ni nzito na haikutengenezwa kwa ajili ya watu wa nje. Gunicorn, programu inayoendesha Django kwenye seva halisi, nayo kazi yake ni kuuita msimbo wako wa Python. Folda ya CSS haiijui. Kwa hiyo seva ni nzima. Kilichotokea ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kugawa faili.

"Basi narudisha `DEBUG = True`."

Hapa watu hushangaa: chini ya Gunicorn hata hilo kwa kawaida halisaidii. Aliyekuwa anagawa faili ni `runserver`, na sasa hayupo. Utakuwa umebaki na ukurasa uleule ulio uchi, na juu yake kila hitilafu inamwonyesha mgeni vipande vya msimbo wako, njia za folda na thamani za vigezo. Ipo pia `runserver --insecure`, ambayo jina lake, "si salama", linajieleza.

"Nimeshaendesha `collectstatic`, sasa kimebaki nini?"

Kimebaki nusu ya kazi. Mimi huwaeleza wanafunzi hivi: `STATICFILES_DIRS` na folda za apu ni mashamba, `STATIC_ROOT` ni ghala, na `STATIC_URL` ni anwani anayopewa mteja. Amri ya `collectstatic` ni lori. Linatoa mazao, yaani faili, shambani na kuyashusha ghalani, basi. Halifungui duka.

Kosa linalofuatana na hili ni kuandika CSS moja kwa moja ndani ya ghala, kisha kulitaja ghala hilohilo kama shamba. Django italikataa kwa hitilafu `staticfiles.E002`, na iko sahihi: huwezi kusafirisha mzigo kutoka mahali kwenda palepale.

Muuzaji, yaani wa kugawa faili kutoka ghalani, kwa kawaida ni mmoja kati ya wawili. WhiteNoise, maktaba ya Python, ndiyo rahisi: unaisakinisha, unaiweka kwenye orodha ya `MIDDLEWARE` katika mipangilio ya Django, mara tu baada ya `SecurityMiddleware`, na programu yako inaanza kugawa faili zake yenyewe. Kumbuka tu kwamba kwenye uzalishaji inazisoma faili zilizopo wakati inawaka. Ukiendesha `collectstatic` baadaye, faili mpya haitaonekana mpaka uiwashe upya. Muuzaji wa pili ni Nginx, seva ya wavuti inayokaa mbele ya Gunicorn, na kwake ndiko usiku wangu mwingi ulikoishia.

"Kwenye Nginx, `root` na `alias` ni mamoja."

Si mamoja. Chukua faili inayoombwa kwa anwani `/static/css/duka.css`, na ghala lako ni `/srv/duka/static/`. Ndani ya `location /static/` ukiandika `root /srv/duka/static;`, Nginx huunganisha anwani nzima mwishoni mwa njia hiyo, ikaenda kutafuta `/srv/duka/static/static/css/duka.css`. Neno `static` mara mbili. Folda hiyo haipo. Ukiandika `alias /srv/duka/static/;`, sehemu ya `/static/` inabadilishwa na njia uliyoitaja, na faili inapatikana. Ukisahau mkwaju wa mwisho (`/`) kwenye `alias`, Nginx itatafuta `/srv/duka/staticcss/duka.css`.

Huna haja ya kubahatisha. Fungua `/var/log/nginx/error.log`: njia kamili iliyotafutwa imeandikwa humo, na macho yako yataiona `static/static` kabla akili haijafika.

"404, 403, 500, yote ni yaleyale: faili haipo."

Hizi ni namba za majibu ya seva, na 404 ndiyo inayosema faili haipo pale ilipotafutwa. 403 inasema aliyetumwa hana ruhusa ya kuifikia. Niliwahi kupandisha tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi, ghala likiwa ndani ya folda yangu ya nyumbani, `/home`. Nikabadilisha ruhusa za kila faili, zikasomeka na dunia nzima, na bado 403. Saa sita usiku ndipo nilipoendesha `namei -l`, amri inayoonyesha ruhusa za kila folda njiani, juu ya njia ile, nikaona mstari mmoja: `drwxr-x---`. Tangu Ubuntu 21.04, folda mpya za nyumbani hufungwa kwa watumiaji wengine, na Nginx pale huingia kama `www-data`. Milango ya vyumba nilikuwa nimeifungua yote, geti la nje limefungwa. Nilihamishia ghala `/var/www`, yakaisha. Wanaokimbilia `chmod 777` kwenye folda ya ndani wanajipatia hatari na tatizo linabaki.

500 ni hadithi nyingine. Ukitumia hifadhi ya manifesti, yaani yenye orodha ya majina mapya ya faili, `duka.css` hupewa jina lenye alama, mfano `duka.55e7cbb9ba48.css`, ili kivinjari kisishikilie toleo la zamani. Lakini kiolezo (template ya HTML) kikitaja faili ambayo `collectstatic` haikuiona, Django hainyamazi: ukurasa mzima unaanguka kwa ujumbe `Missing staticfiles manifest entry`. Na ukifuata mafunzo ya zamani yanayotumia `STATICFILES_STORAGE`, jua mpangilio huo uliondolewa katika Django 5.1. Ukiuandika leo haulalamiki wala haufanyi kitu. Mahali pake ni `STORAGES`.

"Kivinjari kinasema aina ya MIME si sahihi, ngoja nirekebishe MIME."

Acha kwanza. MIME ni lebo tu inayosema faili ni ya aina gani. Kivinjari kikisema kimepewa `text/html` badala ya CSS, mara nyingi kilichofika ni ukurasa wa 404 wenyewe. Rudi kwenye njia.

"Ni kache tu."

Mara mojamoja, ndiyo. Ila kabla ya kumwambia mteja afute kache kwa mara ya nne, piga `curl -I`, amri inayoonyesha jibu la seva, kwenye anwani ya CSS. Ikirudi 404, kache haina kesi.

"Jina ni lilelile, nimelikagua."

Likague tena, herufi kwa herufi. Windows inaichukulia `Nembo.PNG` na `nembo.png` kuwa faili moja, na macOS kwa kawaida hivyohivyo. Linux inaona faili mbili, na moja haipo.

"Picha walizopakia wateja zitatoka na hizo nyingine."

Hazitoki. Zile ni za `MEDIA_ROOT`. `Collectstatic` haizigusi, na WhiteNoise haikuundwa kuzigawa. Zinahitaji `location /media/` yake kwenye Nginx, au hifadhi ya nje. Na kama seva yako ni kontena lisilo na diski ya kudumu, kila unapopandisha toleo jipya picha hizo zinafutika, hata kama jana zilikuwa zinaonekana vizuri kabisa.