Sindano haikaushi kizazi

Huku Pemba, kuanzia Micheweni hadi Mkoani, mwanamke akitaja sindano ya miezi mitatu ya kuzuia mimba hakosi wa kumwambia: "Shoga, hiyo itakukausha kizazi." Si kweli. Ila neno hilo limezaliwa na jambo la kweli ambalo mara nyingi halielezwi, nalo ni kuchelewa kushika mimba baada ya kuiacha.

Sindano hiyo ni miligramu 150 za medroksiprojesteroni, yaani homoni ya kuzuia mimba, chembe ndogo mno zinazoelea majini. Ikidungwa msulini, chembe hukaa pale kama akiba na kuyeyuka polepole. Ndiyo maana kichupa hutikiswa vizuri kabla dawa haijavutwa, maana ikituama chini dozi hupungua. Na ndiyo maana palipodungwa hapasuguliwi wala hapakandwi kwa maji moto: akiba itakwisha kabla ya wakati wake.

Miezi mitatu ikitimia, mabaki bado yamo. Kwa wanaoshika mimba baada ya kuacha, nusu huipata ndani ya miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na zaidi ya 9 kati ya 10 huwa wameipata kufikia mwezi wa 18. Haya mwanamke aambiwe kabla hajadungwa, si baadaye akiwa analia. Anayetaka mtoto mwakani afadhali kijiti cha mkononi au kitanzi cha ndani ya mji wa mimba. Vikitolewa, uwezo wa kushika mimba haukawii kurudi.

Hedhi ikikatika kwa sindano, husemwa: "Damu chafu inajaa tumboni." Haijai. Dawa huufanya utando wa ndani ya mji wa mimba ubaki mwembamba, kwa hiyo hakuna kinachokusanyika wala cha kutoka.

Na mimba ikikataa hata baada ya muda huo, sindano isibebeshwe lawama peke yake. Kisonono na klamidia, magonjwa ya zinaa, huacha makovu yanayoziba mirija, mara nyingi bila maumivu yoyote. Mume naye apimwe manii, baada ya kujizuia siku 2 hadi 7, kwani karibu nusu ya matatizo haya upande wa mwanamume umo.

Kijiti hakisafiri kwenda moyoni kama inavyosemwa. Hukaa chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono, na kidole hukigusa; usipokihisi, rudi kituoni ukapigwe picha. La kuhofia zaidi ni rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa, ambazo hupunguza nguvu yake. Mwambie mhudumu unachomeza.

Kunyonyesha huzuia mimba pale tu mambo matatu yakikutana: mtoto hajatimiza miezi 6, hapewi uji wala maji, na hedhi haijarudi. Moja likivunjika, kinga imeondoka.

Kuhusu dini, sahaba Jabir bin Abdallah amepokewa katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim akisema walifanya azli, yaani kumwaga manii nje ili kuepuka mimba, huku Qur'ani ikiteremka. Kuachanisha watoto si sawa na kufunga uzazi moja kwa moja, jambo ambalo ulamaa wengi hulikataza pasipo dharura.

Tarehe ya sindano ikikukuta Unguja na boti ya Pemba huna, usikate tamaa. Sindano huweza kudungwa wiki 2 kabla ya siku yake au hadi wiki 4 baada yake. Zikipita hizo 4, kwanza ithibitike huna mimba, udungwe, kisha mtumie kondomu siku 7.