Barua Pepe Iliyowekwa Kumbukumbu Haijafutwa

Jumatatu asubuhi, ukungu wa Mbeya ukiwa bado haujanyanyuka, kijana mmoja kutoka upande wa Tukuyu aliingia steshenari ya mdogo wangu pale Mwanjelwa. Akanipa shikamoo, akavuta kiti, akaomba nimchapie barua ya kumwomba mwajiri amtumie upya wito wa usaili. Nikamuuliza wito wa kwanza uko wapi. "Niliuakaivu kwa bahati mbaya, mama. Umefutika." Huyu ni mtu wa tatu mwezi huu kunitamkia maneno hayo kwa pumzi moja, kana kwamba kuakaivu na kufutika ni mtu na pacha wake.

Kuweka barua pepe kwenye kumbukumbu, au kuakaivu kama wengi wanavyosema, ni kuitoa kwenye kikasha, pale barua mpya zinapoingia, bila kuifuta. Barua inabaki kwenye akaunti yako pamoja na viambatisho vyake, ukiitafuta unaipata, na haina siku ya kuisha. Kufuta ni jambo jingine: barua inakwenda kwenye tupio, na kwa Gmail inakaa humo siku 30, kisha inaondoka kabisa. Maana ni hiyo tu. Kinachonifanya niandike ni neno lenyewe, kwa sababu nimelifanyia kazi miaka 11 katika masijala ya halmashauri moja mkoani Iringa, na inaniuma kuliona likigeuzwa jina la kaburi.

Neno kumbukumbu limebebeshwa mizigo mitatu. Mzigo wa kwanza ni wa marehemu. Fungua gazeti lolote utakuta picha ya mzee aliyevaa tai, juu yake pameandikwa "Kumbukumbu", chini yake watoto na wajukuu wanasema ametimiza miaka kadhaa tangu awatoke. Kuna misa ya kumbukumbu, kuna ibada ya kumbukumbu. Mtu aliyekua akilisikia neno hili msibani, siku simu inapomwandikia kwamba barua yake imewekwa kwenye kumbukumbu, moyo unampasuka. Anaona amepewa taarifa ya kifo. Simlaumu kwa hilo.

Mzigo wa pili ni wa mashine. Kumbukumbu ya simu ni ile memori ambayo wauzaji pale Kabwe wanaitaja kabla hata hujauliza bei. Kwa hiyo wapo wanaoamini kwamba barua iliyowekwa kwenye kumbukumbu imeingizwa ndani ya simu, kwenye memori, na simu ikiibwa kwenye daladala basi na barua zimeibwa nayo. Hazijaibwa. Barua za Gmail, Yahoo na Outlook zinakaa kwenye mitambo ya hao wenye huduma, na simu ni dirisha la kuchungulia. Ukiingia kwenye akaunti yako kwa simu nyingine utazikuta zote, zilizo kikashani na zilizowekwa kando.

Mzigo wa tatu ndio ninaoutetea: kumbukumbu kwa maana ya maandishi yanayotunzwa ili yatumike. Hapa nchi yetu ina lugha iliyonyooka kuliko hata hao waliotafsiri programu za simu. Tuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002, na tuna idara yenye jina hilohilo. Angalia kwamba maneno ni mawili. Kumbukumbu ni maandishi ya kazi ya ofisi, yawe ya jana au ya miaka iliyopita. Nyaraka, kwa maana ya sheria hiyo, ni zile kumbukumbu zilizochambuliwa zikaonekana zina thamani ya kudumu, zikapewa makao ya kudumu. Kile ambacho Kiingereza kinakiita kwa neno lililotuzalia "akaivu" ndicho nyaraka, wala si kumbukumbu. Mfasiri angetaka kwenda sambamba na sheria, kitufe kile kwenye simu kingetaja nyaraka. Na waraka ni neno zuri: limetoka kwenye Kiarabu, waraqa, maana yake jani na pia karatasi, likafika kwetu likafanywa mwenyeji hadi likapata wingi wa Kibantu, waraka nyaraka, kama wimbo nyimbo na wakati nyakati.

Hilo la akaivu nalo lina ukoo wake. Lilianzia kwa Wagiriki wa kale. Arkheion ilikuwa nyumba ya watawala, na humo ndimo zilimowekwa hati za mji. Likapita kwenye Kilatini na Kifaransa kabla ya kufika kwa Waingereza. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili limebeba maana ya nyumba yenye mwangalizi, mahali ambapo kitu kinakwenda ili kisipotee.

Na kumbukumbu haina ubaya wowote ukiisikiliza vizuri. Imetoka kwenye kukumbuka, mzizi uleule uliotupa ukumbusho na makumbusho. Watu wa Iringa hawahitaji kufafanuliwa. Pale Kalenga kuna makumbusho ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na ndani yake limo fuvu lake, lililokuwa Ujerumani baada ya yeye kufa mwaka 1898, likarudishwa Uhehe mwaka 1954. Hakuna anayelipita barabarani kila siku. Liko ndani, limetunzwa, na anayelitaka anajua pa kwenda. Waumini nao, Wamoravian wa Rungwe na Walutheri wa Njombe, wana Kumbukumbu la Torati kwenye Biblia, kitabu ambamo sheria inarudiwa kusomwa ili watu wasiisahau. Sijasikia mtu akikifungua akitarajia kukuta torati imefutwa.

Kwetu masijala jambo hili lilikuwa na alama zake. Barua ikiingia inapigwa muhuri wa kupokelewa, inatiwa kwenye jalada lake, inapewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, juu kwenye kona, halafu jalada linapelekwa kwa afisa. Akimaliza kulifanyia kazi, anaandika kwenye karatasi ya madokezo herufi mbili za Kiingereza, P.A. (put away), yaani weka kando. Mimi nalichukua, nalirudisha kabatini mahali pake. Meza ya bosi inabaki nyeupe. Miezi minne baadaye akiita jalada lile, nalitoa kwa dakika mbili likiwa na folio zote. Hakuna bosi hata mmoja aliyewahi kuandika P.A. akadhani ameniamuru nichome moto. Kuchoma, au kuteketeza kama tulivyosema ofisini, kulikuwa na utaratibu wake, na kibali chake, na orodha yake.

Kulikuwa na herufi nyingine, B.U. (bring up). Hiyo maana yake ni kwamba jalada liwekwe kando lakini lirudishwe mezani tarehe fulani, na tarehe hiyo naiandika kwenye daftari. Siku niliyokiona kwenye simu kitufe cha kuahirisha barua, kinachoitoa kikashani kisha kuirejesha siku na saa uliyochagua, nililikumbuka daftari langu lile lenye jalada la kijani. Ni kazi ileile.

Sasa tofauti ambayo wengi hawaelezwi. Kwenye Gmail, barua ukiiweka kumbukumbu haihami kwenda popote. Barua zako zote ziko kwenye lundo moja, na kikasha ni lebo tu iliyobandikwa juu ya baadhi yake. Kuakaivu ni kubandua lebo ya kikasha. Ndiyo maana ukitafuta folda iliyoandikwa kumbukumbu kwenye Gmail huioni, na kutoiona huko kumewatisha watu wengi. Fungua ile menyu ya mistari mitatu, shuka hadi sehemu ya barua zote, utaikuta imekaa kwa tarehe yake. Outlook na Yahoo wao wana folda yake hasa, na barua inahamia humo. Njia ni mbili, lakini pote barua ipo.

Yafaa kujua kwa nini kitufe hiki kiliwekwa. Kabla ya Gmail kuanza tarehe 1 Aprili 2004, huduma nyingi za bure zilikuwa zinakupa megabaiti chache tu, na kikasha kikijaa ilibidi ufute. Gmail ilikuja na gigabaiti 1, ikawaambia watu waache kufuta, waweke kando na kutafuta. Kuweka kando kuna maana pale ambapo kuna nafasi ya kuweka.

Hapo ndipo kosa la pili linapozaliwa, nalo ni kinyume cha la kwanza. Katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi kutoka Njombe alinijia na simu inayomwambia nafasi imejaa. Alikuwa ameakaivu barua zote za miaka mitatu, mchana kutwa, kidole kikimuuma, na onyo likabaki palepale. Kuakaivu hakupunguzi hata chembe ya nafasi, kwa sababu barua haijaondoka. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15 kwa jumla, na hizo zinagawanwa na barua, picha na mafaili ya Drive. Zikijaa, barua mpya hazipokelewi tena. Kwa katibu anayesubiri oda ya mnunuzi, hilo ni jambo la kula au kukosa. Tulichofanya ni kuandika kwenye sehemu ya kutafutia larger:10M, zikajitokeza barua zenye uzito wa kuanzia megabaiti 10, nyingi zikiwa picha za matunda zilizotumwa mara mbili mbili. Hizo tukazifuta kwelikweli, kisha tukaenda kwenye tupio tukalimwaga, maana kilicho ndani ya tupio nacho kinahesabiwa. Mikataba na hati za malipo tuliziacha kwenye kumbukumbu zilipo.

Naamini pia WhatsApp imechangia mkanganyiko, kwa kuwa wengi wetu neno akaivu tulikutana nalo huko kwanza. Kwenye WhatsApp, tangu mwaka 2021, mazungumzo uliyoyaweka kando hubaki kando hata mtu akituma ujumbe mpya, labda ubadilishe mpangilio. Gmail haifanyi hivyo. Mtu akijibu barua uliyoiakaivu, mlolongo mzima unarudi kikashani pamoja na jibu lake. Dada mmoja alidhani simu yake ina kirusi kwa sababu barua "alizozifuta" zilikuwa zinarudi. Zilikuwa zinajibiwa. Asiyetaka zirudi ana amri nyingine, ya kunyamazisha mlolongo, na hiyo ndiyo inayofanana na tabia ya WhatsApp.

Na kidole kinachoteleza kina sehemu yake. Kwenye simu nyingi za Android, Gmail ikiwa kama ilivyokuja, kuipitishia barua kidole kushoto au kulia ni kuiakaivu. Mtu yuko kwenye bajaji, simu iko kiganjani, barua inatoka machoni kabla hajasoma hata kichwa chake. Kwa sekunde chache chini ya kioo panatokea mstari wenye neno la kutendua, na ukiugusa barua inarudi. Anayesumbuliwa na hilo aingie kwenye mipangilio ya jumla, atafute vitendo vya kutelezesha kidole, achague kitu kingine au asiweke kitu kabisa. Mimi kwangu nimeacha akaivu upande mmoja tu, na kufuta sikukuweka upande wowote.

Kijana wa Tukuyu hakuhitaji barua ya kuomba atumiwe wito upya. Nilimwambia aguse sehemu ya kutafutia, aandike neno usaili. Ilitokea ya pili kutoka juu, kiambatisho kikiwa chini yake, siku ya usaili ikiwa Alhamisi ya wiki hiyohiyo. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akacheka, akasema, "Asante mama, umeifufua."

Nikamwambia, "Haikufa, mwanangu. Sema uliiweka kando." Akarudia polepole, niliiweka kando, huku nikimwonyesha alama ya kuihamishia kikashani, ikae juu mpaka Alhamisi ipite.